Maelekezo yanayoeleweka mwaloni: kanuni na programu za kumsaidia mwandishi wa miongozo ya kitaalamu Kigoma

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilipumzishwa kwa miezi mitatu ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Hatua hiyo ilitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ambazo huratibiwa na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Kwa msomaji aliyeketi ofisini, kauli ya namna hiyo haina utata wowote. Kwa mvuvi wa dagaa wa Katonga au Kibirizi, ndani yake kuna swali lenye uzito wa chombo, nyavu na riziki ya mwaka mzima. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku. Vyombo huondoka jioni, taa huwashwa juu ya maji, na mavuno hufika mwaloni alfajiri ya siku inayofuata. Anayetoka jioni ya Mei 14 na kurejea alfajiri ya Mei 15 amevua tarehe ipi? Neno “hadi” mbele ya Agosti 15 linaijumuisha siku hiyo, au linaishia ukingoni mwake?

Maswali hayo hayatokani na ukaidi wa mvuvi. Yanatokana na ukweli kwamba usiku mmoja wa kazi hubeba tarehe mbili, na kwamba katika Kiswahili “usiku wa Agosti 15” na “usiku wa kuamkia Agosti 15” ni nyakati mbili zinazopishana kwa siku nzima. Tarehe mbili zikibandikwa peke yake kwenye ubao wa mwalo, kila mtu hujaza pengo kwa ufahamu wake. Maelekezo yanayokusudiwa kutekelezwa usiku hupaswa kutaja mambo mawili ya wazi: saa na tarehe ambayo chombo cha mwisho kinatakiwa kiwe kimekwisha kutia nanga, na jioni ya tarehe ambayo chombo cha kwanza kinaruhusiwa kutoka. Sentensi mbili za ziada hazigharimu karatasi nyingine.

Kazi ya kuziba mapengo ya aina hiyo ndiyo uandishi wa kitaalamu. Katika mkoa wa Kigoma ni wachache wanaobeba cheo hicho, lakini wanaoifanya ni wengi: afisa uvuvi anayeandaa maelekezo kwa vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, muuguzi anayeandika bango la kliniki, fundi wa bandari anayeandika utaratibu wa kukagua injini, mtafiti wa kituo cha TAFIRI anayeeleza namna ya kupima urefu wa samaki, na mhandisi wa maji anayeacha maelekezo ya pampu kwa kamati ya kijiji. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha lugha nyepesi, ISO 24495-1. Kwa ufupi, kiwango hicho kinataka hati impe msomaji kile anachokihitaji, akipate kwa urahisi, akielewe na aweze kukitumia. Sharti la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Hati inaweza kuwa fasaha na yenye mihuri yote, na bado ikamwacha msomaji bila kujua mkono wake ufanye nini.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika afya. Mei 2015 maelfu ya watu waliokimbia machafuko nchini Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichopo mpakani kwenye ufukwe wa ziwa, na kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba ilitumika kuwahamishia wengi wao Kigoma. Katika hali kama hiyo, karatasi moja yenye maelekezo ya kuchanganya ORS hubeba uhai wa mtu. Pakiti ya kawaida inayofuata fomula ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 20.5 za unga na huchanganywa na lita 1 ya maji safi. Duniani zipo pia pakiti ndogo zaidi, za mililita 200 na 500. Mchanganyiko ukiwa mzito kupita kiasi huweza kumdhuru mtoto kwa wingi wa chumvi. Ukiwa mwepesi mno hauleti nafuu inayotarajiwa. Kwa hiyo maneno “changanya pakiti moja na maji ya kutosha” ni makosa, hata kama kila neno limeandikwa kwa usahihi.

Hali ni hiyo hiyo kwa vidonge vya kutibu maji. Vidonge hivyo hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Kile cha miligramu 67 hukusudiwa lita 20 za maji maangavu, kisha maji huachwa kwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Bango linaposema “kidonge kimoja kwa ndoo”, mwandishi amesahau kuwa sokoni zipo ndoo za lita 10 na za lita 20, na kwamba kaya nyingi huchota maji kwa dumu. Ndoo, kopo, kikombe na kijiko ni vyombo, si vipimo. Vinafaa kutajwa kwa sababu ndivyo vilivyomo nyumbani, lakini lazima viambatane na lita au mililita zake. Mtaalamu wa maji na mama wa nyumbani watakutana kwenye namba hiyo.

Saa nazo zina mtego wake, na hapa programu za kompyuta huongeza tatizo badala ya kulipunguza. Mtanzania anaposema saa 12:00 asubuhi, simu yake inaonyesha 06:00. Mwandishi akiingiza “12:00” katika jedwali la Excel, programu hiyo huichukulia kuwa adhuhuri, na akipanga ratiba kwa kufuata muda, boti ya alfajiri itajikuta katikati ya mchana. Mashine za kutafsiri nazo huweza kulibeba “saa 12:00” jinsi lilivyo na kulipeleka katika Kifaransa au Kiingereza bila kulisogeza kwa saa sita. Zaidi ya hayo, mwambao wa Tanzania uko mbele kwa saa moja ukilinganishwa na Burundi, mashariki ya Kongo na Zambia. Kigoma ikiwa saa 12:00 jioni, Bujumbura na Kalemie ni saa 11:00 jioni. Ratiba ya chombo kinachovuka ziwa isiyotaja inatumia saa za nchi gani inamwachisha abiria safari. Njia salama ni kuandika saa kwa namna ya Kiswahili pamoja na kipindi cha siku, kuweka pembeni muda wa tarakimu za saa 24, na katika Excel kuifanya safu ya saa za Kiswahili iwe ya maandishi ili programu isiibadilishe.

Tarehe hazina tofauti. Kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani husoma 5/8/2024 kuwa Mei 8, ilhali aliyeandika alikusudia Agosti 5. Katika hati za umma mwezi uandikwe kwa jina lake. Hata alama ya mkato ina mambo: Mtanzania anaandika kina cha Ziwa Tanganyika kuwa mita 1,470, lakini msomaji aliyesoma kwa Kifaransa ng'ambo ya ziwa amezoea mkato kuwa alama ya desimali, na anaweza kuona mita moja na nusu hivi. Katika kina cha ziwa kosa hilo litachekesha. Katika kipimo cha dawa halichekeshi.

Baada ya namba huja majina, na Ziwa Tanganyika ni darasa zuri la somo hilo. Samaki wanaoitwa dagaa Kigoma huitwa ndagala Burundi na kapenta Zambia. Mgebuka wa Kigoma ni mukeke Bujumbura, na Mpulungu humwita bukabuka. Mwongozo wa pamoja unaotaja “dagaa” ukurasa wa kwanza, “kapenta” ukurasa wa tatu na “samaki wadogo” ukurasa wa tano unamfanya msomaji adhani kuna kanuni tatu za samaki watatu. Wanasayansi huondoa utata kwa majina yao: Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon kwa dagaa, Lates stappersii kwa mgebuka. Mwandishi huchagua jina moja la kutumia katika hati nzima, na majina mengine pamoja na lile la kisayansi huyaweka mara moja mwanzoni. Urembo wa kubadilisha maneno ili sentensi zisichoshe, ambao ni sifa katika insha, ni kasoro katika maelekezo. Kama ni “valvu” mstari wa kwanza, ibaki “valvu” hadi mstari wa mwisho.

Kwa istilahi zenyewe, pa kuanzia ni Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ambalo limekuwa likitoa vitabu vya Tafsiri Sanifu na lilichapisha Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Hata hivyo istilahi sanifu isiyofahamika mwaloni inahitaji mwenzake. Afisa anayeandika neno la kamusi na kulifuatishia lile wanalolitumia mafundi, mara ya kwanza tu, hajavunja usanifu wa lugha. Amejenga daraja.

Orodha ya istilahi ikishakuwepo, ndipo programu zinapoanza kuwa na manufaa ya kweli. Katika mkoa ambao hati moja huweza kuhitajika kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, na ambako kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu imekuwa ikiwahifadhi Wakongo tangu mwaka 1996 na baadaye Warundi, programu ya kumbukumbu ya tafsiri ni msaada mkubwa. Mojawapo ni OmegaT, programu huria isiyolipiwa, inayofanya kazi kwenye kompyuta ya mtumiaji bila kutegemea intaneti. Huigawa hati katika sentensi, huhifadhi kila sentensi pamoja na tafsiri yake, na sentensi ileile au inayokaribiana nayo ikijitokeza tena hata baada ya miaka miwili, huirejesha. Faharasa yake ni faili la maandishi matupu: neno la lugha chanzi, neno la lugha lengwa na maelezo mafupi, yakitenganishwa kwa kitufe cha Tab. Afisa yeyote anaweza kuitengeneza. Inasoma mafaili ya docx na odt. Hati za zamani za doc hufunguliwa kwanza katika programu nyingine na kuhifadhiwa upya. Faida yake haiishii kwenye kasi. Onyo la kipindupindu lililokwisha kukaguliwa na daktari linabaki na maneno yaleyale kila linapotolewa, na hakuna anayelitunga upya saa nane za usiku.

Tahadhari moja inahusu herufi zenyewe. Ritifaa ya “ng'ambo” na “ng'ombe” huweza kuandikwa kwa alama iliyonyooka au iliyopinda, na kwa baadhi ya programu hizo ni alama mbili tofauti. Neno lililoandikwa kwa moja halitapatikana likitafutwa kwa nyingine. Ofisi ichague moja na kuizoea.

Upande wa kuandika, Microsoft Word na LibreOffice Writer zinatosha kwa kazi nyingi. LibreOffice haina malipo, na kwa Tanzania ina historia yake: mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice, programu iliyotangulia LibreOffice, likaitwa Jambo OpenOffice. LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Wengi hawaitumii kwa sababu moja ndogo: lugha ya hati imeachwa kuwa Kiingereza, kila neno limepigiwa mstari mwekundu, na jicho limejifunza kuipuuza mistari hiyo. Mwandishi hupaswa kuchagua maandishi yote na kuyawekea lugha ya Kiswahili kabla ya kuanza. Hata hapo kikaguzi hakitajua kila umbo la kitenzi, maana lugha inayoweza kusema “yasipokorogwa” na “utakapoyakoroga” kwa neno mojamoja haiwezi kuorodheshwa yote. Wala hakitamwokoa aliyeandika “mtoto anywe” alipokusudia “mtoto asinywe”, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Namba, makatazo na vipimo vikaguliwe kwa macho ya mtu wa pili, kwa sauti, mmoja akisoma na mwingine akifuatisha kwa kidole.

Zana yenye faida kubwa kuliko zote katika programu hizo ni ya kale na haina mvuto: mitindo ya aya. Badala ya kukoza na kukuza kila kichwa cha habari kwa mkono, mwandishi hukitambulisha kuwa kichwa cha ngazi ya kwanza au ya pili. Programu itajenga yenyewe jedwali la yaliyomo, itarekebisha kurasa hati inapobadilika, na msomaji wa simu janja ataweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu anayoihitaji. Kadhalika namba za hatua ziachiwe programu. Hatua ya nne ikiondolewa, ya tano hujisogeza, na kauli ya “rudi hatua ya 5” iliyounganishwa kwa rejeo la ndani hurekebishwa nayo mafaili yanaposasishwa.

Umuhimu wa namba unaonekana katika historia ya bandari yenyewe. MV Liemba iliundwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku takriban 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, na ikaunganishwa upya na kuingizwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 mafundi waliotakiwa kuizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi walizipaka injini grisi nene, kana kwamba walijua mtu mwingine atakuja kuzihitaji. Iliinuliwa mwaka 1924 na kurejea kazini 1927. Mafundi watatu tu walitoka kiwandani Ujerumani kusimamia uunganishaji. Fundi wa leo anayechora mchoro wa pampu na kuandika “bolti ile ndogo ya pembeni” anaweza kuwafikiria hao watatu mbele ya masanduku elfu tano.

Michoro yenyewe huweza kuchorwa kwa Inkscape, programu huria, na maneno yaachwe kama maandishi yanayoharirika au yabadilishwe kuwa namba zenye ufafanuzi chini ya mchoro. Mchoro wenye maneno yaliyoganda ndani ya picha hautafsiriki bila kuchorwa upya. Rangi nazo zisiachwe zibebe ujumbe peke yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa zake kwa viwango vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, vinavyoambatana na rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Karatasi hiyo ikitolewa nakala kwa mashine ya nyeusi na nyeupe, au ikikaa juani mwaloni kwa wiki kadhaa, rangi hutoweka na linalobaki ni neno. Katika miezi ya kiangazi, ambapo pepo za kusini-mashariki huvuma juu ya ziwa, mwenye mtumbwi anahitaji kulisoma neno hilo kutoka umbali wa hatua kadhaa.

Lugha ya sentensi zenyewe haihitaji mengi. Sharti litangulie tendo: “Mtoto akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kumpa kidogo kidogo” ni bora kuliko kumpa agizo kwanza na sharti baadaye, kwa sababu msomaji hutenda jinsi anavyosoma. Tendo moja likae katika hatua moja. Mtendaji atajwe. “Nyavu zitakaguliwa” haisemi na nani wala lini, na mwenye nyavu ndiye atakayelaumiwa.

Kisha hati ijaribiwe. Jaribio halihitaji programu wala bajeti: mtu asiyeshiriki kuiandika hukabidhiwa karatasi, pakiti na chombo cha maji, naye hufuata maelekezo huku mwandishi akinyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Kila mahali anaposita, anaporudi nyuma au anapouliza, pana sentensi inayodai kuandikwa upya. Watu watatu au wanne hutosha kufichua makosa makubwa, mradi wawe watu wa mwaloni au wa kliniki na si wa ofisi moja na mwandishi.

Linalobaki ni utunzaji. Faili lenye jina “mwongozo mpya wa mwisho 2” halimwambii yeyote ni lipi linalotumika. Jina linaloanza kwa mwaka, mwezi na siku, kama 2024-05-15, hujipanga lenyewe katika orodha, na huduma kama Google Docs huhifadhi historia ya matoleo kwa ofisi yenye mtandao wa uhakika. Chini ya kila ukurasa, si wa kwanza pekee, pawepo namba ya toleo, tarehe ya kutolewa, ofisi iliyotoa na mahali pa kuuliza, kwa kuwa kurasa hupigwa picha na kusambazwa mojamoja kwa simu. Mwananchi anayepokea picha ya tangazo lisilo na tarehe ana haki ya kuuliza kwenye ofisi ya kata au kwa afisa uvuvi kabla ya kulifuata. Na aliyelibandika ana kazi moja zaidi: muda ukipita, arudi mwaloni kulibandua.